Valvu Mpya, Moyo Uliochoka

Leo tuongee kuhusu moyo. Sio ule wa kwenye bongo fleva unaovunjwa kila wiki. Nazungumzia nyama yenyewe, ile yenye ukubwa wa ngumi, inayopiga kama mara 100,000 kwa siku bila kuomba likizo. Nimekuwa nikisoma historia ya upasuaji wa valvu za moyo kwa muda sasa, na kuna jambo moja limenikaa kichwani ambalo sisi waandishi wa habari tunaliruka karibu kila mara.

Tukiandika habari za upasuaji wa moyo tunaandika kuhusu kifaa na kuhusu daktari. Kifaa kimetoka Ujerumani, daktari kasomea wapi, upasuaji umechukua saa ngapi, mgonjwa anatabasamu kwenye picha, mama yake anamshukuru Mungu. Basi, habari imekwisha. Hatuulizi kwamba siku ile anaingizwa chumba cha upasuaji, moyo wake ulikuwa umebakiwa na nguvu kiasi gani. Na ukifuatilia miaka sabini ya historia hii utaona kwamba swali hilo ndilo lililowasumbua madaktari hata baada ya swali la kifaa kupata majibu.

Kwanza tuelewane. Moyo una vyumba vinne, na chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye kazi nzito kuliko vyote, yaani kusukuma damu kwenda mwili mzima. Damu inatoka humo kupitia mlango mmoja, valvu ya aota, na kuingia kwenye mshipa mkuu. Mlango huo unaweza kuharibika kwa namna mbili. Unaweza kubana, ukawa mgumu kama bawaba iliyoota kutu, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu za ziada kila pigo. Au unaweza kuvuja, damu iliyokwishatoka ikarudi ndani, na moyo ukafanya kazi ileile mara mbili. Moyo wa valvu iliyobana unanenepa kuta. Moyo wa valvu inayovuja unatanuka kama puto. Yote mawili mwili unayavumilia kwa miaka mingi. Mtu anapanda ngazi, anacheza mpira, anaoa, hajui kitu.

Uvumilivu huo ndio mtego. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa twende Washington, Septemba 1952. Daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Charles Hufnagel, alimwekea mwanamke wa miaka 30 valvu ya kwanza ya bandia kuwahi kuwekwa kwa binadamu mwenye valvu ya aota inayovuja. Ilikuwa bomba fupi la plastiki lenye kigololi ndani. Damu ikisukumwa, kigololi kinasogea na kupisha njia. Damu ikitaka kurudi, kigololi kinaziba. Kitoto kabisa, lakini kilifanya kazi.

Tatizo ni kwamba mwaka 1952 hakukuwa na namna ya kuusimamisha moyo, kuufungua na kufanya kazi ndani yake kwa utulivu. Kwa hiyo Hufnagel hakuiweka valvu yake mahali pa valvu iliyoharibika. Aliiweka mbali zaidi, kwenye mshipa mkuu unaoshuka kifuani. Damu ya sehemu ya chini ya mwili haikurudi tena, ila ya kichwani na mikononi iliendelea kuvuja kurudi moyoni. Ilikuwa nusu dawa. Halafu kigololi kilipiga kelele: tik, tik, tik, mtu aliyekaa pembeni anausikia moyo wa mwenzake. Hebu fikiria unalala na mtu wa namna hiyo. Lakini watu walikubali, maana waliishi. Wagonjwa zaidi ya 200 waliwekewa.

Mwaka uliofuata, Mei 1953, John Gibbon wa Philadelphia alitumia mashine ya moyo na mapafu kwa mafanikio, na mlango wa kuingia ndani ya moyo ukafunguka. Machi 1960 Dwight Harken wa Boston aliweka valvu ya bandia mahali penyewe pa valvu ya aota. Huyu ndiye yule aliyewatoa askari zaidi ya mia moja vipande vya mabomu vilivyokuwa ndani na kandokando ya mioyo yao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Miezi michache baadaye, Septemba 1960, Albert Starr wa Portland, jimbo la Oregon, akafanikiwa kwa valvu nyingine ya moyo, ya mitro.

Hadithi ya Starr inanifurahisha kwa sababu ya mshirika wake, Lowell Edwards, mhandisi mstaafu aliyekuwa mtaalamu wa pampu. Mwaka 1958 alimfuata Starr akitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamwambia, mzee, tuanze na valvu moja. Wakatengeneza kigololi cha mpira ndani ya kizimba cha chuma, na valvu hiyo ikaenea duniani. Baadaye zikaja valvu za maiti, valvu za nguruwe, valvu za visahani viwili. Orodha ni ndefu na wengi wameiandika vizuri kuliko mimi, naipita.

Mimi nataka kujua wagonjwa wa mwanzo walikuwa akina nani. Walikuwa watu waliokaribia kufa. Nani mwingine angekubali? Daktari mwenye akili timamu asingempeleka mtu anayetembea vizuri kwenye upasuaji ambao haujulikani mwisho wake. Wakachukuliwa waliovimba miguu, wanaolala wamekaa kwa sababu wakilala chali wanakosa pumzi. Mioyo yao ilikuwa imeshafika mwisho. Wengi walikufa mezani au siku chache baadaye, na lawama zikaenda kwa valvu, kwa mashine, kwa mpasuaji. Ilichukua muda watu kuanza kusema kwa sauti kwamba mlango mpya hausaidii sana kama anayeusukuma hana nguvu tena.

Lakini nguvu hiyo ungeipimaje? Hapa historia inarudi nyuma hadi Ujerumani, mwaka 1929, kwenye mji mdogo wa Eberswalde. Kijana aitwaye Werner Forssmann, daktari mwanafunzi wa upasuaji, alijitumbukiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma sentimita 65, halafu akatembea kwenda chumba cha eksirei kupiga picha kuthibitisha kwamba ncha imefika moyoni. Wakubwa zake walimwona kichaa. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, ambao huko New York walikuwa wameugeuza mchezo ule wa hatari kuwa kipimo cha kawaida. Kwa mrija huo, katheta, sasa unaweza kupima shinikizo la damu ndani ya moyo wenyewe. Na mwaka 1960 Harold Dodge na wenzake walionyesha jinsi ya kukadiria ujazo wa chumba cha kushoto kutoka kwenye picha za eksirei.

Ukijua ujazo kabla ya pigo na ujazo baada ya pigo, unapata namba ambayo leo kila daktari wa moyo anaitamka: ni asilimia ngapi ya damu iliyomo chumbani inasukumwa nje kwa pigo moja. Moyo mzima husukuma kama asilimia 55 hadi 70. Hakuna moyo unaosukuma 100, kwa hiyo ukiambiwa 60 usilie, umefaulu. Chini ya 50 ni dalili ya kuchoka. Chini ya 35 hali ni mbaya.

Wakati huohuo, huko Lund, Sweden, mwaka 1953, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine ya mawimbi ya sauti iliyotumika kukagua vyuma kwenye kiwanda cha kutengeneza meli Malmö, wakaielekeza kwenye moyo wa binadamu. Ndiyo asili ya kipimo tunachokiita eko. Kinachotafuta ufa kwenye meli kikawa kinaona moyo ukicheza, bila mrija wala kisu. Kutoka hapo kipimo hakikuwa tena cha wanaokaribia kufa peke yao. Ungeweza kumpima mtu mzima aliyekuja na miguu yake, na kumpima tena mwaka ujao.

Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Ross na Eugene Braunwald, waliandika makala kuhusu valvu ya aota iliyobana ambayo hadi leo wanafunzi wa udaktari wanakaririshwa matokeo yake. Mchoro wake ni rahisi: mstari unaenda sawa kwa miaka mingi, mtu hana dalili, halafu dalili zinaanza na mstari unaporomoka. Toleo linalofundishwa ni kwamba, bila upasuaji, aliyeanza maumivu ya kifua ana wastani wa miaka 5, aliyeanza kuzimia miaka 3, na ambaye moyo umeshashindwa kazi miaka 2. Kwa mara ya kwanza daktari alikuwa na jibu la swali la lini: dalili zikianza, usisubiri.

Je, kwa yule ambaye alishasubiri? Nilipofika hapa nilitegemea kusoma kwamba madaktari walikata tamaa, na wengine kweli walikata. Lakini mwaka 1978, huko huko Portland kwa Starr, kundi lililokuwa na Shahbudin Rahimtoola, mzaliwa wa Bombay, lilichapisha taarifa ya wagonjwa ambao valvu ilikuwa imebana vibaya na mioyo yao imeshadhoofika. Waliobadilishiwa valvu na kupona, mioyo yao ilirudisha nguvu, mingi kwa kiwango cha kushangaza. Maelezo yake ni kwamba msuli ulikuwa umeelemewa kuliko kufa. Punda aliyebebeshwa magunia kumi anapiga magoti. Mshushie magunia, anasimama. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, hospitali ya Mayo ya Marekani iliripoti wagonjwa 154 wa valvu iliyobana waliofanyiwa upasuaji huku mioyo yao ikisukuma asilimia 35 au chini. Asilimia 9 walikufa ndani ya siku 30, ambayo si ndogo, lakini kati ya waliopimwa tena, asilimia 76 mioyo yao ilikuwa imepata nafuu.

Valvu inayovuja haina huruma hiyo. Pale moyo unatanuka kimyakimya, na ukishatanuka kupita kiasi msuli unaharibika wenyewe, unaota makovu. Ukishusha mzigo, punda hasimami. Mwaka 1980 Walter Henry na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, huko Bethesda, waliwapima kwa eko wagonjwa wa kuvuja kabla ya upasuaji. Wakaona kwamba ambao chumba cha kushoto, hata kikishajikunja kumaliza pigo, bado kina upana wa zaidi ya milimita 55 na kinajikunja kwa udhaifu, ndio waliokufa zaidi baadaye kwa moyo kushindwa kazi, ingawa valvu mpya ilikuwa nzima. Miaka minne baadaye Robert Bonow na wenzake kutoka taasisi hiyohiyo wakaongeza kipengele cha muda: moyo uliodhoofika kwa kama mwaka mmoja kabla ya upasuaji uliweza kurudi, ila uliodhoofika kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi haukurudi.

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Tofauti ya miezi michache! Kwenye nchi zetu miezi michache ni kusubiri rufaa tu, au kuuza kiwanja.

Namba zilizonigusa zaidi zilitoka Mayo pia, mwaka 2002. Walikusanya wagonjwa 450 wa valvu inayovuja vibaya waliofanyiwa upasuaji kati ya 1980 na 1995, wakawagawa kwa nguvu ya moyo kabla ya kisu. Ambao moyo ulisukuma asilimia 50 na zaidi, asilimia 3.7 walikufa katika upasuaji. Wa kati, 35 hadi 50, asilimia 6.7. Wa chini ya 35, asilimia 14. Hospitali moja, miaka ileile, ila mlango wa mwisho una hatari karibu mara nne ya ule wa kwanza. Baada ya miaka 10 waliokuwa hai walikuwa asilimia 70, 56 na 41.

Ukisoma haraka utasema basi, wale wa chini ya 35 waachwe. Waandishi wenyewe walisema kinyume. Wanne kati ya kumi kuwa hai baada ya miaka kumi, kwa ugonjwa ambao usipotibiwa unaua, si kidogo, na walisisitiza kwamba watu hawa wasinyimwe upasuaji. Mimi naongeza jambo ambalo mwandishi wa habari analijua vizuri: kwenye takwimu za upasuaji wanahesabiwa waliopasuliwa. Aliyeambiwa moyo wako umechoka mno, rudi nyumbani, hayumo kwenye asilimia yoyote. Daktari anayekataa wagonjwa wagumu ana rekodi safi.

Kulikuwa na kundi moja lililokuwa likikataliwa sana. Chukua mpira wa maji, ubane mdomo wake kwa kidole. Maji yakiwa na kasi yanaruka mpaka kwa jirani, na mtu yeyote anajua umebana. Siku ya mgawo yanachuruzika tu, ingawa kidole kimebana vilevile. Moyo dhaifu ni kama siku ya mgawo: hauna nguvu ya kuonyesha kwamba valvu imebana, kipimo cha shinikizo kinatoka kidogo, daktari anadhani tatizo si valvu. Mwaka 1980 Blase Carabello na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wenye kipimo kidogo namna hiyo walifanya vibaya baada ya upasuaji. Ikachukuliwa na wengi kuwa hukumu.

Baadaye wakapata ujanja wa kuongeza maji kwa muda. Wanampa mgonjwa dawa iitwayo dobutamini, inayoupa moyo msukumo, huku wakimwangalia kwa eko. Mwaka 2003 kundi la Wafaransa lililoongozwa na Jean-Luc Monin lilichapisha matokeo ya wagonjwa 136: walioamka kwa dawa, asilimia 5 walikufa katika upasuaji. Ambao hawakuamka, asilimia 32. Kipimo kizuri, lakini ungeweza kukigeuza kuwa sababu nyingine ya kufunga mlango. Mwaka 2009 Wafaransa haohao, safari hii wakiongozwa na Christophe Tribouilloy, wakaangalia wale ambao hawakuamka. Miaka 5 baadaye waliofanyiwa upasuaji asilimia 54 walikuwa hai. Ambao hawakufanyiwa, asilimia 13.

Ni Mfaransa pia, Alain Cribier wa mji wa Rouen, ambaye Aprili 16, 2002 alipitisha valvu nzima iliyokunjwa kwenye mshipa wa damu, kwa katheta, bila kupasua kifua. Mgonjwa alikuwa mwanaume wa miaka 57 ambaye wapasuaji walimkataa kwa sababu moyo ulikuwa umebakiwa na nguvu kidogo mno. Alipata nafuu ya haraka, kisha akafariki miezi kama minne baadaye kwa matatizo mengine. Mwaka 2010 utafiti mkubwa wa wagonjwa ambao hawawezi kupasuliwa ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliowekewa valvu kwa njia hiyo walikufa asilimia 30.7, na waliopewa matibabu ya kawaida asilimia 50.7. Watu wanaisifu teknolojia ile kwa wazee wa Ulaya. Mimi naikumbuka kwamba ilianzia kwa mtu aliyerudishwa mlangoni.

Na kwetu? Ulaya na Marekani valvu ya aota inabana kwa uzee. Huku mharibifu mkubwa ni homa ya rumatiki, inayoanza kama mafindofindo ya mtoto yasiyotibiwa. Mwili unapigana na vijidudu vya kooni na kwa bahati mbaya unashambulia valvu za moyo, hasa ile ya mitro, na mara nyingi ya aota pamoja nayo. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanzishwa 2015. Kabla ya hapo safari ilikuwa India, kwa waliobahatika. Utafiti uitwao REMEDY, uliosajili wagonjwa 3,343 kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, ulikuta nusu yao hawajavuka miaka 28. Umri wetu sisi, jamani. Na kwa watu wazima, mmoja kati ya wanne moyo ulikuwa umeshapoteza nguvu, kwa watoto asilimia 5.3. Soma tofauti hiyo ukikumbuka miezi ya Bonow.

Ndiyo maana sehemu ya historia hii ninayoifuatilia sasa imetoka kwenye chumba cha upasuaji na kuhamia shuleni. Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa kutoka Msumbiji: kwa kusikiliza kifua, daktari alipata watoto 2.3 kati ya kila 1,000 wenye ugonjwa huu. Kwa eko, 30.4. Kaskazini mwa Uganda, Gulu, wakapima kwa eko watoto zaidi ya 100,000, wakachagua 818 wenye dalili za mwanzo kabisa, ambao wenyewe hawakuhisi lolote, na nusu yao wakachomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka 2021. Kati ya 399 waliochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kati ya 400 ambao hawakuchomwa, 33.